Ng'ambo Kwema

Chiriku ni ndege mdogo, lakini mpunga anaula kama ana ukoo mzima wa kulisha. Ndiyo maana kule Ndera, mpunga unapoanza kutia maziwa, watoto hupandishwa kwenye madungu, yale majukwaa ya miti katikati ya shamba, wakashinda juu huko na makombeo yao wakipiga kelele mpaka jua litue. Kazi hiyo haitaki sauti nzuri, inataka sauti tu. Sasa Mungu, ambaye hamshauri mtu katika mipango yake, akampa binti wa Dhadho sauti ambayo ndege walikuwa wakitua ili waisikilize vizuri. Baba mtu alilalamika kwamba mwaka ule mpunga wake uliliwa kuliko wa jirani yeyote.

Mtoto mwenyewe aliitwa Mwanaarusi, lakini jina hilo lilibaki nyumbani. Mto mzima ulimwita Chiriku, kwa ajili ya wimbo aliojitungia akiwa bado ana meno ya utoto:

*Chiriku, ruka, ng'ambo kwema,*
*Ng'ambo kwema, huku kombeo.*

Uongo mtupu. Ng'ambo kulikuwa na malisho ya Waorma, ng'ombe na kupe. Punje ya mpunga usingeiona hata kwa dawa. Lakini wimbo ulikuwa mtamu, na wapiga kasia waliopita waliacha mitumbwi ichukuliwe na maji ili wausikie hadi mwisho. Mmoja wao alikuwa Kassim, mfanyabiashara wa Kau aliyepanda mto kununua mpunga. Akanunua mpunga, akamwomba Dhadho ampe na mtoto.

Wanasema mcheza kwao hutunzwa. Chiriku alitunzwa kwa watu. Kule Kau, karibu na mlango wa mto, hakuna harusi iliyoitwa harusi bila yeye. Wanawake walimvika leso mpya, wakamtia wanja, wakambeba mabegani huku wakimtupia ushanga, naye akaimba wimbo wake wa ndege mbele ya mabibi harusi waliokuwa hawajawahi kushika kombeo maishani mwao. Wimbo ukapanda mto na wapiga kasia, ukaenea katika madungu yote. Alikuwa hajabaleghe, na tayari watu walikuwa wakibishana ni nani aliyemsikia kwanza.

Hujafa hujaumbika. Ndui iliingia Kau, ikampata. Ilimwachia uhai na macho, ikamjaza makovu usoni, na vidonda vilivyomwingia kooni vilipopona viliondoka na sauti. Kilichobaki kilikuwa mkwaruzo, na pumzi fupi iliyomfanya apumzike katikati ya sentensi. Alinyweshwa asali, akafukizwa majani, akasomewa. Mwishowe Kassim alimlaza chini ya mkeka ndani ya mtumbwi, akampeleka kwao. Watu wa Kau walipomuuliza kabla hajaondoka, alijibu, "Chiriku hatunaye tena."

Alimaanisha kwamba anarudi Ndera, au alitaka waelewe walivyoelewa, Mungu ndiye ajuaye. Kau wakaweka matanga. Habari ya msiba ilipanda mto kwa mitumbwi myepesi ikampita mwenyewe njiani, hata akafika kwao akiwa tayari amekwisha kuliliwa katika kila kijiji. Alimtaka baba yake awatangazie watu ukweli.

"Waache," alisema Dhadho. "Aliyekufa hachekwi, mwanangu."

Kwa hiyo akabaki maiti, amefichwa nyumbani kwa wazazi wake. Na kwa kuwa wimbo wa mtoto aliyekufa hautiwi kinywani mwa mtoto aliye hai, asije akamfuata mwenye wimbo, akina mama wa mto mzima waliwakataza watoto wao. Madungu yakarudia kelele zao za zamani, "Hooo! Haaa!" na wimbo ukanyamaza kila mahali siku zilezile.

Wazazi wake walipofariki, Mwanaarusi alihamia kwa shangazi yake Garsen, na huko alijulikana tu kama yule mwanamke mwenye koo bovu. Hakuolewa, licha ya jina lake. Kila msimu wa mpunga alikuwa akitafuta sababu ya kupita kando ya mashamba asubuhi, akatega sikio, akitumaini kwamba mtoto mmoja mtundu atasahau katazo la mama yake. Hakuna aliyesahau. Alitamani kuusikia ule wimbo kuliko alivyotamani mume au watoto, na hamu hiyo hakuwa na mtu wa kumwambia, maana marehemu hana msiri.

Ndipo ikaja njaa kuu, na ndui nyuma yake. Watu wa Garsen walijenga vibanda ng'ambo ya mto, wagonjwa wakavushwa huko, na swali likawa nani atakayewahudumia. Ndui haimrudii mtu. Mwanaarusi alikunja mkeka wake, akavuka bila kuombwa. Aliwaosha wagonjwa, akawafukuzia nzi, akawazika waliokufa. Mitumbwi ilipopita alisimama ukingoni na kuomba chochote, unga, ndizi, samaki mkavu, na kwa kuwa hakuweza kupaza sauti, aligonga kata juu ya gogo mpaka wapitaji wakaona haya. Watu wa misheni ya Ngao walimpelekea vitambaa safi. Siku nyingine kifua kilimbana hadi akakaa chini kando ya mgonjwa, wote wawili wakitafuta pumzi, halafu yeye akainuka.

Mvua ziliporudi na mpunga ukaanza kutia maziwa upande wa pili, aliletwa Dukicha.

Alikuwa Morma wa makamo. Sotoka ilikuwa imewamaliza ng'ombe wake wote miaka ya nyuma, njaa ikamchukua mke, na sasa ndui ilikuwa imemfumba macho. Upele wake ulianza kukauka, nayo hiyo ilikuwa ishara njema, ila alikuwa amefunga kinywa.

"Maji mimi hapana taka," alisema, akigeukia ukutani. "Ng'ombe imekwisha. Macho imekwisha. Maji ya nini?"

"Kunywa kidogo tu, kaka," alisema Mwanaarusi. "Ukifika hapa ndui haikuui tena. Kiu ndiyo itakayokuua."

Dukicha aliisukuma kata. Mwanaarusi alikaa na kata yake mkononi, akiiona midomo ile iliyopasuka. Kesho yake jioni hali ilikuwa ileile, na alijua kwamba mtu huyu hana siku nyingine ya kuchezea. Basi akiwa anampepea, akamsikia akivumisha kitu puani, polepole, kama mtu anayembembeleza mtoto. Sauti ilipanda, ikashuka mara mbili, ikasimama. Mwanaarusi akaacha kupepea.

"Wimbo huo umeutoa wapi?"

"Zamani," alisema Dukicha. "Mimi kijana, nachunga ng'ombe, Ndera iko upande ule. Mtoto anaimba juu ya miti. Anasema ng'ambo kwema. Ng'ambo ni sisi." Alipumzika kidogo. "Watu wa mto wote wanatukana sisi. Wanasema ng'ombe ya Orma inakula shamba. Mtoto yule peke yake anasema kwetu kwema. Mimi nafurahi sana, mama. Maji ikipungua navuka, naweka maziwa chini ya miti yake."

Mwanaarusi alilikumbuka lile buyu. Lilikuwa na kauri moja shingoni, na kila lilipoonekana chini ya dungu mama yake alisema ni la mizimu, lisiguswe. Alikuwa akisubiri mama ageuke, akalinywa lote. Maisha yake yote hakujua lilitoka kwa nani. Na huyu naye, maskini, hakujua kwamba wimbo ule ulikuwa wa kuwafukuzia ndege wale wasumbufu kwa watu wasiolima. Mwanaarusi hakuwa na moyo wa kumwambia.

"Mtoto alikufa," alisema Dukicha. "Kama mimi nasikia yeye mara moja tena, nakunywa hata mto."

Ndugu yangu, fikiria. Huyu alimpenda akiwa bado kitoto cha dunguni, kabla ya leso na wanja na mabega ya watu, akavuka maji yenye mamba kwa ajili yake. Mwanaarusi alitamani amjue. Alilitamani jambo hilo kwa uchungu.

"Hakufa," alisema. "Ni mimi."

Dukicha akasema kwa upole, "Mama, wewe mtu mzuri. Usicheze na maiti."

Hapo ndipo Mwanaarusi alipoimba. Hakuwa ameimba tangu Kau. Alifumba macho, akavuta pumzi yote iliyokuwapo, na sauti iliyotoka ilikuwa ya jiwe la kusagia lisilo na nafaka. Neno "kwema" halikutoka kabisa. Dukicha aliinua mikono yake yenye upele, akaziba masikio.

"Basi, mama. Basi! Unamuua mara ya pili."

Mwanaarusi alitoka nje, akashuka hadi mtoni, akalia kama anavyolia mtu aliyefiwa, kwa sababu kweli alikuwa amefiwa, na hii ilikuwa mara ya kwanza kupewa nafasi ya kulia.

Alikuwa bado pale Komora alipokuja na mtumbwi wa chakula. Komora alikuwa mvushaji wa Garsen, mtu mzima mwenye maneno mengi, na kila jioni aliweka chungu cha uji kwenye mchanga kisha akarudi nyuma kwa upondo kabla ya kusalimia.

"Vipi yule Morma?" aliuliza kutoka majini.

"Hanywi."

"Sikio la kufa halisikii dawa, mwanangu. Umefanya la kufanya."

Mwanaarusi alitazama ng'ambo. Katika shamba lililoelekea vibanda palikuwa na dungu, na juu yake binti wa Komora alikuwa akipiga kelele zake za mwisho za siku ile, "Hooo! Haaa!" kwa sauti nyembamba safi.

"Baba Komora, mwambie Binti kesho asubuhi aimbe wimbo wa Chiriku. Aelekee huku."

Komora aliukamata upondo kwa mikono miwili. "Wimbo wa maiti? Nimtie mwanangu kinywani, mwaka wa ndui? Wewe una akili?"

"Si wa maiti. Mwenye wimbo yu hai, naye ameruhusu."

"Nani kakwambia?"

Angeweza kusema amesikia tu, na Komora angekataa. Mtu pekee wa kuufungua wimbo ni mwenyewe. Lakini kuufungua kulikuwa pia kuutoa. Kuanzia kesho wimbo ule ungekaa katika koo la mtu mwingine, na yeye angebaki na mkwaruzo wake. Akaifungua leso iliyomzunguka shingoni, akayaacha makovu yaonekane.

"Ulikuwa mpiga kasia wa Kassim," alisema. "Tulipopita kwenye viboko ulinipakata, ukanipa ndizi ya kuchoma ninyamaze. Sikunyamaza."

Mtumbwi ulianza kuchukuliwa na maji na Komora hakuuzuia. Alipouzuia, macho yake yalikuwa yamejaa.

"Chiriku," alisema. "Sisi tulikuwekea matanga."

"Najua. Ahsanteni."

"Niwaambie watu?"

"Mwambie mtoto wimbo. Na huyu mgonjwa asijue lolote."

Asubuhi alikuwa kibandani mapema, kata imejaa, amekaa mlangoni mahali ambapo angeliona dungu. Dukicha alikuwa akipumua kwa shida na ulimi wake umekauka. Jua lilichomoza, ndege wakashuka mpungani makundi kwa makundi. Binti akapanda. "Hooo!" alipiga kelele. "Haaa!" Kisha tena, na tena. Mwanaarusi alifikiri mama wa mtoto amekataa, na kwa kweli hangemlaumu; mwanamke gani angekubali?

Halafu kelele zikakoma, na wimbo ukavuka maji.

*Chiriku, ruka, ng'ambo kwema...*

Mtoto aliuimba haraka kidogo kuliko inavyotakiwa, na pale pa kushuka mara mbili alishuka mara moja. Mwanaarusi aliyasikia makosa yote mawili, na kooni mwake wimbo ulijisahihisha wenyewe bila sauti. Miaka yote ile alikuwa akipita kando ya mashamba kuutafuta. Sasa ulikuwa unamjia kutoka ng'ambo, ukimwambia yeye kwamba huku aliko ndiko kwema. Machozi yalimtoka, akayaacha.

Nyuma yake Dukicha aliinua kichwa.

"Ndiye!" Alikuwa akitafuta kiwiko cha kuegemea, macho yake yaliyofumba yameelekea mlangoni. "Mama, unasikia? Ndiye! Yuko hai! Kau waongo!"

"Waongo kabisa," alisema Mwanaarusi.

"Jana mimi nasema vibaya kwako."

"Hukusema vibaya, kaka."

Ng'ambo, Binti aliurudia wimbo tangu mwanzo, sasa kwa kiburi cha mtoto anayejua kwamba anasikilizwa. Dukicha akafungua kinywa. Mwanaarusi akamshika kisogo, akamwinamishia kata, na maji yakapita, kidogo, kisha mengi, mengine yakimwagika kifuani. Alikohoa, akaomba tena. Kata ilipokwisha alilala chali, anahema, na uso wake ulioharibika ulikuwa wa kijana.

"Mama, wewe nenda mtoni," alisema. "Mwambie yeye mimi nakunywa."

Mwanaarusi aliijaza kata tena.

"Anakusikia, kaka," alisema.