Kiti cha Karibu na Dirisha

Pa! Puto likapasuka, povu likamrukia Kinyozi mpaka kwenye nyusi. Jikoni mkewe akaangusha mfuniko wa sufuria, kama alivyouangusha jana na juzi.

"Jamani! Utaniua kwa presha mimi!"

"Pole, mke wangu. Hili puto lilikuwa bovu."

"Yote mabovu? Duka zima?"

Usicheke kwanza. Huyu mtu alikuwa kinyozi, na nikisema kinyozi sisemi hawa wanaopitisha mashine kichwani kama wanafyeka nyasi. Alinyoa ndevu kwa wembe na mteja hakuhisi kitu. Halafu asubuhi moja, akifunga vifungo vya shati, kiharusi kikamwangusha. Mdomo ukapinda, mkono wa kulia ukaning'inia, mguu ukawa wa kuburuta.

Watu walikuja na nyuso za msibani. Hospitali walisema nguvu nyingi hurudi miezi ya mwanzo, na miezi hiyo ilipopita ndugu wakaona basi tena, hapo ndipo alipofikia, shukrani anakula mwenyewe. Yeye akatia ngumu. Alijikaza kisabuni mpaka akaacha kushikwa mkono, na ndani ya nyumba akatembea bila fimbo. Maneno yakanyooka, ingawa akichoka yaligongana. Mkono wa kulia ndio uliogoma. Kubana sponji uliweza, wembe, thubutu! Sasa, mwaka wa nne, alikuwa anaufundisha wa kushoto kwa njia ile aliyofundishwa yeye ujanani: pulizia puto, lipake povu, linyoe. Ukiteleza kidogo tu, mwajua wenyewe.

Saluni iliendeshwa na binti yake. Kazi anaijua, na mdomo anao. Viti vilikuwa viwili: chake binti karibu na mlango, na cha baba karibu na dirisha, ambacho miaka yote hiyo kilikaliwa na makoti ya wateja. Alhamisi hiyo binti alikuja nyumbani, akakaa kando ya baba yake, akaushika ule mkono mbovu. Kinyozi akajua kuna jambo, maana siku nyingine huanza kelele tangu barabarani.

"Baba, Jumatatu fundi bomba anakuja. Naweka sinki la kuoshea nywele. Kiti chako kitatoka."

"Kinakwenda wapi?"

"Stoo."

"Basi na mimi nipelekeni stoo."

"Baba, usinifanyie hivyo."

"Na nikinyoa mtu?"

Binti alitazama vipande vya puto sakafuni, akahema. "Akikaa mteja kwenye kile kiti, ukamnyoa, akaondoka na uso wake mzima, fundi haji. Lakini nasema mteja, baba. Si mama, wala si Bwana Ndevu."

Huyo Bwana Ndevu alikuwa fundi viatu, rafiki wa Kinyozi tangu ujana. Aliapa palepale hospitalini kwamba hakuna mwingine atakayemgusa uso ila Kinyozi. Ndevu zikashuka mpaka kifuani, na mkewe akawa anawaambia majirani kwamba analala na beberu.

Jumamosi saluni ilijaa. Kinyozi alihamisha makoti, akakifuta kiti, akamwita rafiki yake mbele ya watu. Alikuwa amepiga hesabu: wakimwona Bwana Ndevu amenyolewa salama, mmoja wao atapata moyo.

"Haya, swahiba. Siku yako imefika."

Bwana Ndevu akakaa kwa madaha. Kisha akauona wembe, na akauona uko mkono gani.

"Aa, ngoja kwanza. Nimeacha duka wazi."

"Leo hujafungua duka," mtu mmoja akamkumbusha.

"Basi ndiyo niende nikafungue!"

Watu wakavunjika mbavu. Kinyozi hakucheka. Ilimchoma, tena ilimchoma vibaya, kwa sababu kiapo kile kilikuwa kimemtoa kitandani siku nyingi ambazo hakutaka kutoka.

Mkewe alikuwa amemletea dawa zake za mchana. Akaweka mkoba chini. "Toka hapo, shemeji," akamwambia Bwana Ndevu, akakaa yeye, akainamisha kichwa chenye nywele fupi. "Nitengeneze kisogo."

"Wewe si unaogopa hata puto?"

"Naogopa. Nyoa."

Alinyoa. Wembe ulishuka shingoni polepole, na mama wa watu alifumba macho na kuumauma mdomo mpaka mwisho. Hakukuwa na tone la damu. Alipopapasa kisogo na kukikuta laini, aliinuka, akamtazama Bwana Ndevu, akamwonyesha kiti.

"Shemeji, umeniumbua," Bwana Ndevu akasema, akarudi kitini.

Binti akaupunguza ule msitu kwa mashine. Kinyozi akapaka povu, akakilaza kiti, akashusha wembe shavuni, na wembe ukagoma. Ngozi ilikuwa inakunjamana mbele yake. Loo! Ndipo akaliona kosa lake. Puto limejaa upepo, limekaza lenyewe. Shingo ya mkewe ilijikaza kwa kuinama. Shavu la mtu mzima limelegea, linataka mkono wa pili wa kulivuta, na mkono wake wa pili ndio ule.

Jasho jembamba likamtoka. Binti akasogea. "Baba, nikushikie?"

"Kaa mbali."

Aliuweka wembe chini, akaunyanyua mkono wa kulia kwa ule wa kushoto, akaulaza juu kidogo ya taya la rafiki yake. Ulitulia pale, mzito kama mtoto aliyepitiwa na usingizi, na kwa vile kiti kimelazwa, uzito wake ukaivuta ngozi kuelekea sikioni. Ikakaza kidogo, haikutosha. "Bana," aliuambia mkono kwa sauti, na watu wote wakasikia. "Nimesema bana, mshenzi wewe!" Kidole gumba, kile kilichokandamiza sponji miaka yote hiyo, kikabana.

Wembe ukapita.

Alipomaliza, watu walikiona kidevu cha Bwana Ndevu, wakaelewa kwa nini alikificha. Wakapiga makofi na vigelegele. Kinyozi alifurahi, lakini alimtazama binti yake. "Najua," akasema. "Huyu si mteja." Akaukung'uta mto wa kiti. "Nani anafuata?"

Kila mtu akatazama viatu vyake. "Mimi namsubiri dada," akasema mmoja. Na wa nyuma yake naye anamsubiri dada.

Mlango ukasukumwa. Mwanamume asiyejulikana na yeyote akaingia na begi, akaona kiti kitupu karibu na dirisha, akajitupa hapo, akainua kichwa. Binti akafungua mdomo aeleze hali ya baba yake. Mama yake akamfinya.

"Mnanyoa au mnatazamana?" yule mgeni akasema. "Nina basi la kuwahi."

Kinyozi akapaka povu, akakilaza kiti. Akaulaza mkono wa kulia mahali pake.

"Mkono wako mzito, mzee."

"Ndiyo kazi yake huo."

Saluni nzima ilibana pumzi. Wembe ulipanda, ukashuka, ukazunguka kidevu. Mgeni alipopewa kioo alijigeuza huku na huku, akakunja uso.

"Huku kushoto umeacha. Mbona kazi nusu nusu?"

Kinyozi machozi yakamlenga. Miaka yote hiyo kila alichofanya kilisifiwa: akifunga kifungo, hongera, akimwaga chai, usijali. Hakuna aliyemlaumu kwa lolote, maana hakuna aliyemtegemea kwa lolote. Na sasa huyu bwana mwenye haraka zake alikuwa analalamika, tena kwa ukali, na alikuwa na haki, kweli palibaki vinyweleo viwili vitatu chini ya sikio.

Nyuma yake binti alikuwa ameshika simu. "Fundi? Jumatatu usije. Hapana, hakuna tatizo. Kiti kina mtu."

"Mzee, basi litaniacha!"

"Inua kidevu," Kinyozi akamwambia, "na usinihimize."