Marahaba ya Tongoni

Mtu akikwambia Tanga hakuna baridi, huyo hajaamka Tongoni mwezi wa saba, kipupwe kimekolea na umande umelala juu ya mihogo. Asubuhi hiyo mzee Sadalla alivaa sweta juu ya kanzu, akavuta kofia mpaka masikioni, akamwambia binti yake, "Twende magofuni, mama, nikanyooshe miguu." Sabiha akajifunika khanga kichwani, akamfuata.

Hilo "mama" ndilo lililomtoa Sabiha Ngamiani, kule Tanga mjini, akaacha cherehani na wateja wake. Si kwamba lilikuwa neno geni. Alipozaliwa alipewa jina la bibi yake, mama mzazi wa Sadalla, na mtu mwenye adabu zake hamwiti mamaye kwa jina, hata kama jina limehamia kwa kitoto kinachotambaa. Basi tangu utotoni kwa baba yake alikuwa mama: mama njoo, mama nipe maji. Lakini jirani alimpigia simu, akamwambia siku hizi mzee anapotea katika maneno. Ndipo Sabiha akaanza kujiuliza: akiniita mama, ananiita mimi, au anamwita yule aliyezikwa? Kaka yake, Tahiri, alimcheka, akasema mzee mzima kabisa, wanawake mna maneno. Haya. Mficha maradhi kilio humfichua, na Tahiri mwenyewe huonekana Tongoni Idi kwa Idi.

Njiani Sabiha akawa anampima kidogo kidogo. Akamuuliza shamba lile siku hizi analima nani. Mzee akamtaja, tena akamsengenya papo hapo. Akamuuliza jana walikula nini. Mzee akasema kisamvu, tena chumvi ilizidi, asidhani hakuonja. Sabiha akacheka, akaona haya kumpima baba yake kama mtoto wa chekechea.

Wakafika. Msikiti wa kale umebaki kuta na mihrabu, na kando yake yapo makaburi ya mawe ya matumbawe, nguzo nyingine zimesimama, nyingine zimelala majanini. Mzee akawatolea salamu wenye makaburi kama afanyavyo siku zote, akasoma Fatiha bila kukosea. Moyo wa Sabiha ukatulia. Khanga yake ikanasa kwenye mwiba, akainama kuinasua, na mzee akatangulia hadi kwenye kaburi la mwisho. Alipogeuka, akamwona anamjia na khanga yake kichwani. Akavua kofia.

"Shikamoo, mama," akasema.

Jamani. Mzazi atamwita mtoto wake mama, atamwita bibi, atamwita hata mchumba kwa utani, lakini shikamoo hampi. Shikamoo hutoka kwa mdogo kwenda kwa mkubwa. Alichokuja kukijua Sabiha alikuwa amekwisha kukijua: baba yake hamtambui tena.

Akataka kusema, baba, ni mimi. Lakini mzee alikuwa amesimama na kofia mkononi, upara wake kwenye upepo, na uso umeanza kusawijika kwa huzuni, maana mtoto asiyeitikiwa shikamoo hujua mzazi amemkasirikia. Akairudia shikamoo yake.

Kuitikia shikamoo ya baba yako! Sabiha hakulelewa hivyo. Akaitikia.

"Marahaba, mwanangu."

Mzee akashusha pumzi, akaketi juu ya jiwe. Akamweleza kwamba amechoka. Wenzake wote wametangulia, naye kila akilala hujiandaa kwenda, na kila kukicha bado yupo. Sabiha akamuuliza ni nini kinachomzuia.

"Nina binti, mama. Somo yako, mwenye jina lako," mzee akasema. "Mumewe alimwacha, mtoto Mungu hakumjaalia. Nikienda, atabaki na nani?"

Machozi yakamtoka Sabiha, wala hakuyafuta. Iliuma sana. Lakini hakuwahi kusikia baba yake anavyomsema akiwa hayupo, na sasa alikuwa anasikia.

Akajua pia anachoombwa. Sisi watu wa pwani tunasema mtu aliyechoka hufungwa na radhi, na mwenye kumpa radhi ndiye anayemfungulia. Akisema nenda, amemruhusu baba yake afe. Akisema kaa, anamkalisha kwa ajili yake mwenyewe tu, na mzee ataendelea kuchoka. Mwisho akaichukua ile kofia, akamvika, akakishika kichwa chake kwa mikono miwili.

"Radhi zangu zote nimekupa, Sadalla," akasema, na jina hilo hakuwahi kulitamka mbele ya mwenyewe. "Siku yako ikifika, nenda. Binti yako niachie mimi. Nitakaa naye."

Mzee akafumba macho, akashukuru. Wakakaa bega kwa bega, jua likaanza kupasha mawe. Kisha akamgusa mkono, kama mtu aliyekumbuka la kuagiza.

"Ila usimkaripie, mama. Yule akikaripiwa, hali chakula."

"Sitamkaripia," akasema Sabiha.