Kuruka Saksafoni

Katika kikundi chetu cha gamelani, muziki wa ala za shaba wa Kijava, hapa mjini Solo, hakuna anayeruka ala; ni kuikosea heshima. Hata njia ikibana namna gani, unainama, unaomba radhi, unazunguka. Lakini saksafoni yangu, nikiilaza mkekani, Mama Sutarmi, mpigaji wa goma kubwa la shaba, alikuwa anairuka tu.

"Mama, na hiyo ni ala," nililalamika.

"Hilo bomba? La kwangu jikoni nalo naliruka kila siku, mwanangu."

Wenzake walicheka mpaka wakashika mbavu. Nikanuna, maana mimi sichelewi kununa.

Kusema kweli, jazi yangu ilikuwa ikikimbia na kuwaacha nyuma. Basi nikatunga wimbo mwingine. Nikajifunza kulegeza midomo hadi sauti yangu ikakaa sawa na shaba zao, na mwisho wa kila kipande nikaweka kimya cha kungojea goma la Mama Sutarmi.

Jana tuliupiga. Nilinyamaza, yeye akagonga, ndipo nikaingia.

Wakati wa mapumziko niliilaza saksafoni mkekani. Mama Sutarmi akaja akifuata chai, akaifikia, akasimama.

"Hapa pamebana kweli," alinung'unika. Akashika pindo la nguo yake, akainama, akazunguka.