Mkasi wa Mama Rhoda

Mama Rhoda amefungisha ndoa nyingi kuliko mchungaji wake, na zote kazifungisha ndani ya saluni ya Marie-Claire pale Sydenham, huku ugenini kusini mwa bara, Jumamosi alasiri, kipaza sauti mkononi.

Siku za kazi anashona mashati ya shule kiwandani Pinetown. Lakini Jumamosi, mteja wa mwisho akishasukwa, viti vinageuzwa kuelekea ukutani, projekta inawashwa, na Mama Rhoda anatafsiri filamu kama marehemu mumewe alivyokuwa akitafsiri kwenye kibanda cha video Morogoro: sauti ya waigizaji inashushwa, ya mtafsiri inapandishwa, na kila mwigizaji anapewa jina la kwetu. Vibanda vya Morogoro vilipenda ngumi. Saluni hii inapenda mapenzi, tena ya kizamani, zile filamu za kuchekesha za Hollywood ya mwanzo, nyeusi na nyeupe, za kabla wakubwa hawajaleta sheria za nini kionyeshwe na nini kifichwe. Humo mwanamke anapenda wanaume wawili na usingizi anaupata, mke anamwacha mume na kumrudia siku anayotaka yeye, na hakuna anayeadhibiwa.

Basi wenye filamu hawakuwa na mkasi, ila Mama Rhoda anao. Mstari wa mbele hukaa Deborah, kiongozi wa akina mama kanisani, mkoba mapajani, na mbele ya Deborah mambo yale hayatafsiriki. Wawili wakikumbatiana, Mama Rhoda anatangaza kwamba walifunga ndoa asubuhi, sisi hatukuonyeshwa. Mpenzi wa pili anakuwa binamu. Hoteli inageuka nyumba ya wageni ya kanisa. Yeye na wenzake hawakiwezi Kiingereza cha wale Wamarekani wanaoongea bila kupumua, kwa hiyo wanacheka na kuridhika.

Anayeujua ukweli ni Séverin, fundi simu mwenye meza mlangoni mwa saluni. Kiingereza anakisikia vizuri, na ndiye anayezitafuta filamu na kuunganisha spika. Mama Rhoda akidanganya, Séverin huinamisha kichwa, mabega yakamtikisika kwa kicheko. Na Mama Rhoda, mjane wa miaka hamsini na mbili, akiyaona mabega yale moyo unamruka. Anampenda, hakuna njia nyingine ya kulisema. Séverin ana arobaini na moja, ndevu zimeanza mvi, lakini kwa akina Deborah huyo angekuwa mtoto anayelelewa na mama mtu mzima.

Jumatano moja Séverin alimrudishia simu yake, kioo kipya, akasema bila kumtazama, kwa Kiswahili cha kwao chenye Kifaransa ndani: "Maman Rhoda, kaka yangu iko na boutique Cape Town. Ananiita. Jumatatu minapanda bus." Akakifuta kioo ambacho alikuwa ameshakifuta. "Mais mutu akiniambia nibaki, nitabaki."

Mtu mwenye akili zake angesema palepale. Mama Rhoda alisema, "Nenda salama, mwanangu." Mwanangu! Alijitukana njia nzima mpaka nyumbani.

Kawaida Mama Rhoda huletewa filamu mapema, akaitazama peke yake ajue pa kukata. Jumamosi hiyo Séverin alikuja nayo watu wameshakaa. "Iko muzuri," alisema, akaenda kusimama kwenye kompyuta yake.

Ilikuwa habari ya mama mwenye kiwanda cha kofia, si msichana, mikunjo inaonekana, na karani wake kijana ambaye humwaga wino kila mama huyo akipita. Mama Rhoda akawabatiza Scola na Boniface. Scola akamfunga Boniface tai. Boniface akaugua, Scola akampelekea supu na kumlisha kwa kijiko. Deborah akakohoa.

"Huyu Scola ni shangazi yake Boniface," Mama Rhoda akawahi. "Dada wa baba. Kamlea tangu mdogo."

Deborah akaridhika. Séverin safari hii hakucheka.

Basi lifti ya kiwanda ikakwama, shangazi na mtoto wa kaka yake ndani. Shangazi akamshika kijana kola, akamvuta, akambusu mdomoni, busu refu lisilo na haraka.

Saluni ikalipuka. "Yesu wangu!" alisema Deborah.

"Eish! Maman Rhoda!" Marie-Claire alikuwa ameshasimama. "Si umesema ule iko shangazi yake? Sasa anamubusu ku kinywa namna gani?"

"Ni desturi. Huko Amerika."

"Desturi ya shangazi gani?" Deborah akauliza. "Zima hiyo laana!"

Séverin alikuwa ameweka kidole kwenye kompyuta, anasubiri mtafsiri aseme azime au aendelee. Uso wake ulikuwa wa mtu aliyekwisha kufunga begi. Mama Rhoda akachoka kudanganya.

"Si shangazi yake," alisema. "Hawana undugu wowote. Ni mwanamke mkubwa anampenda mwanamume aliye mdogo kwake, na hawakufunga ndoa asubuhi wala jioni. Na yule wa wiki iliyopita hakuwa binamu."

Marie-Claire akacheka mpaka akashika ukuta. "Miye nilijua! Binamu ya kulala kitanda kimoja!" Wengine wakadai filamu iendelee. Deborah alisimama, akatazama mlango, akatazama ukuta, akakaa tena.

Mwishoni Boniface yuko stesheni, anahamia mji wa mbali. Scola anamkimbilia, kofia imekaa upande, na Mama Rhoda anatafsiri bila kukata neno: "Boniface, mimi si msichana, na watu watasema. Nakuomba usipande treni."

Scola akafunga mdomo, akabaki kumtazama kijana. Mama Rhoda akaendelea.

"Nilikuambia uende salama, na sikutaka uende. Nikakuita mwanangu kwa woga. Nakupenda. Wakitucheka, watatukuta tuko wawili. Huko Cape Town mafundi simu wamejaa. Baki hapa."

"Mais," alisema Marie-Claire polepole, "ule bibi amefunga kinywa. Na Cape Town iko ku Amerika?"

Séverin alikuwa anapita katikati ya viti. Alikichukua kipaza sauti, yeye ambaye hajawahi kutafsiri hata salamu.

"Ule kijana anasema..." Akamgeukia Mama Rhoda. "Anasema hii filamu aliileta makusudi, juu alitaka kusikia ile maneno. Anasema habebi begi tena. Anabaki."

Mama Rhoda akakaa kwenye kiti cha kuoshea nywele, anacheka na kulia kwa pamoja. Séverin akavuta kigoda, akakaa kando yake, akamshika mkono mbele ya macho ya Deborah. Filamu ikaisha yenyewe, na hakuna aliyeuliza wale wawili wa ukutani waliambiana nini.