Vipande Vitatu vya Nailoni

Jumatano hiyo mdogo wake Fundi aliingia dukani na mchukuzi wa mkokoteni nyuma yake, akaomba maji kabla salamu hazijaisha. Akamaliza kikombe, akaongeza cha pili, kisha akaionyesha cherehani kwa kidole.

"Dada, wiki tatu zimekwisha. Twende."

Fundi hakuinuka. Angeinukaje, na mguu wake wa kushoto uko mapajani mwa fundi saa? Mzee huyo alikuwa akichungulia unyayo kwa kioo chake cha jicho moja, kama anayetafuta vumbi ndani ya saa. Benchini walikuwapo wengine watatu, wote peku, kila mmoja ameshika mguu wa jirani yake. Ndiyo kazi ya Jumatano. Ugonjwa wa sukari ukishakufisha ganzi miguu, huna budi kuazima macho ya mwenzio.

Utaratibu huo aliuanzisha Fundi mwenyewe, na hapo ndipo penye aibu yake. Mganga hajigangi. Kila Jumatano alikuwa na kisingizio, mara anachemsha chai, mara anamalizia pindo, na miguu yote ikakaguliwa isipokuwa yake. Tena alikuwa akikanyaga pedali peku, eti akivaa viatu haisikii vizuri, kana kwamba peku alikuwa anaisikia! Kipande cha sindano kikamwingia unyayoni, akashona nacho siku mbili mpaka Muuguzi wa mtaa alipoona damu kwenye pedali.

Hospitali walikitoa, wakamsafisha. Mdogo wake akataka ahamie kwake siku ileile na cherehani iuzwe. Fundi akaomba wiki tatu mbele ya watu: kidonda kisipopungua, ataondoka bila neno.

"Chumba kipo, msichana wa kazi yupo," mdogo mtu alisema sasa. "Utatunzwa. Hutagusa kitu."

"Kama Baba?"

Baba yao alitunzwa hivyohivyo katika chumba cha nyuma, na hakuna aliyemfunua blanketi mpaka harufu ilipowaambia. Miguu ikakatwa, mmoja baada ya mwingine. Walimpenda sana, na hilo ndilo linalomuuma Fundi mpaka leo.

"Na kile?" Fundi alionyesha chungu cha mchanga mbichi kwenye kona yenye kivuli. Humo mlihifadhiwa insulini ya watu saba wasio na jokofu. "Nacho utakipakia? Na hawa niwapeleke wapi?"

"Mimi nipakieni juu," akadakia mama muuza mkaa kutoka benchini. "Miguu yenyewe imechoka."

Benchi likaangua kicheko. Mdogo mtu hakucheka. Aliuliza choo kiliko, akaenda, akarudi, akajimiminia maji tena.

Muuguzi, aliyechuchumaa upande wa pili, akafungua bandeji ya mguu wa kulia wa Fundi. Kila Jumatano huweka nailoni safi juu ya kidonda, akachora ukingo wake kwa kalamu ya wino. Fundi naye, kwa mazoea ya kazi, huifuta nailoni na kuikata kwa mkasi kwa kufuata mstari, kama anavyokata kola. Leo aliogopa, na hakuona haja ya kuficha. Akavipanga vipande vitatu mezani, kimoja juu ya kingine. Cha kwanza kilikuwa sawa na kifungo cha koti. Cha leo hakikufika kifungo cha shati.

"Unaona mwenyewe," akasema, "au nikupimie kwa futi?"

"Kinafunga," Muuguzi akathibitisha. "Ila peku basi, Fundi."

"Peku basi. Nitashona na viatu, na mguu wangu ndio utakaotangulia kukaguliwa. Nikijificha tena, njoo na lori. Lakini leo cherehani haitoki hapa, wala mimi sitoki."

"Dada, ukaidi haujamponya mtu."

"Baba aliponywa na utii?"

Mdogo mtu akanyoosha mkono kukichukua kikombe, na Fundi akautazama mkono huo, kisha akashusha macho kwenye viatu vyeusi vya mdogo wake vilivyong'aa.

"Hicho cha ngapi? Kiu hii imekuanza lini?"

"Ni joto tu."

"Keti. Vua viatu."

"Mimi nimefuata cherehani..."

"Vua!"

Sauti hiyo ndiyo iliyomlea, ikamwogesha, ikampeleka shule. Akaketi. Soksi ya kulia ilikataa kutoka. Ilikuwa imegandia kisiginoni. Fundi saa akailowanisha, akaivua, akainama na kioo chake juu ya kisigino, kisha ndani ya kiatu.

"Msumari wa soli," akasema polepole. "Umeota ndani ya kiatu. Una siku nyingi huu."

Mdogo mtu aliitazama damu ile kavu kama ni ya mtu mwingine.

"Mbona sisikii?"

Benchi zima lilishawahi kuuliza swali hilo. Walisogeleana tu, wakampa nafasi, na Fundi akauvuta mguu wa mdogo wake mapajani mwake, akaushika kwa mikono miwili.

"Muuguzi, nipe nailoni nyingine." Kisha akamwita mchukuzi, aliyekuwa ameshaanza kugeuza mkokoteni. "Wewe, usiondoke. Mzigo wa kupeleka hospitali upo."