Jino la Rangi ya Mkate

Mwalimu alifundisha kuchora kwa miaka thelathini na moja, na alipostaafu alitulia nyumbani wiki tatu tu. Wiki ya nne alikuwa ameshapanga upya kabati zote, na mumewe ameanza kujificha nyuma ya gazeti. Ndipo wifi yake, mke wa kaka yake, mwenye duka dogo la kuchapa mabango, alipomwambia, "Njoo tukae dukani, wifi. Angalau utachoka ukiwa umekaa."

"Kompyuta siijui."

"Nayo haikujui. Mtafahamiana."

Wifi alimpa kompyuta ya pembeni, karibu na dirisha, pamoja na sidii ya picha za zamani: simu ya kuzungusha namba, keki ya mishumaa, mwanamume anayekimbia na mkoba, jino linalotabasamu. Zote zilikuwa na mistari minene myeusi na rangi bapa, kana kwamba zilipakwa na mtu mwenye haraka ya kurudi kwao. Kazi ya Mwalimu ilikuwa kuzifufua. Siku ya pili alionyeshwa kitu kinachoitwa gradienti: unachagua rangi mbili, unavuta kipanya kutoka huku hadi kule, na rangi ya kwanza inayeyuka polepole mpaka inakuwa ya pili.

Mwalimu alivuta mara moja, akavuta tena. Miaka yote ile alikuwa akiwafundisha watoto kusugua penseli kwa kidole ili kivuli kilainike. Hapa ilikuwa kufumba na kufumbua.

Tangu hapo hakushikika. Keki ilipata rangi za machweo. Suti ya yule mkimbiaji ilianzia zambarau mabegani ikaishia rangi ya chungwa miguuni.

"Huyu anakwenda kazini au harusini?" wifi aliuliza.

"Popote atakapofika, watamwona."

Mwenye duka la mikate alipoagiza bango, Mwalimu alichukua picha ya mkate, akamimina rangi ya maziwa juu na kahawia chini, na mkate ukaonekana umetoka kwenye tanuri muda huohuo. Mteja alimeza mate mbele ya skrini. Mwalimu akaihifadhi rangi ile kwenye programu na kuipa jina: Mkate.

Kesho yake, wifi akiwa ametoka kufuata wino, daktari wa meno wa ng'ambo ya barabara aliingia. Alitaka bango jipya lenye jino lake lilelile la miaka yote, lile linalotabasamu, lakini sasa lipate uhai kidogo. Mwalimu alijaribu kijivu, jino likawa kama saruji. Akajaribu waridi, likawa kama ufizi. Kisha akaiona Mkate kwenye orodha, akaivuta, na pale kwenye skrini ndogo jino likapata joto zuri la dhahabu. Akalichapa mita mbili. Jioni bango likachukuliwa likiwa limekunjwa.

Asubuhi daktari alikuja mwenyewe. Alikuwa na sauti ya chini, sauti ya mtu aliyezoea kuzungumza na watu walioachama.

"Bango limetoka vizuri, Mwalimu. Herufi zinasomeka." Akageukia dirisha. "Ila tangu nifungue, watu watatu wameniuliza kama jino lile ni la mgonjwa wangu."

Walitoka pamoja hadi ukingoni mwa barabara. Kutoka pale Mwalimu aliliona: jino kubwa, juu tabasamu, chini limeoza. Bibi mmoja alikuwa amesimama chini yake ameshika kiuno. "Na hali hiyo, linacheka nini?" alimuuliza mpita njia.

Masikio ya Mwalimu yalipata moto. Ni yeye aliyekuwa akiandika kwenye madaftari ya watoto kwa wino mwekundu, "Kivuli si uchafu."

"Daktari, kosa ni langu, si la wifi. Nimelimwagia rangi ya mkate."

Daktari aliinua tena macho kwenye bango. "Ndiyo maana nilisikia njaa."

Wifi alipofika dukani na kuelezwa, alicheka mpaka akaketi juu ya marobota ya karatasi. Alipopata pumzi alisema, "Mimi nilikufundisha kubonyeza tu. Mambo ya kivuli unayajua wewe."

Mwalimu aliosha kikombe cheupe cha chai, akakiweka dirishani na kukitazama, kama alivyokuwa akiwalazimisha wanafunzi kutazama kabla ya kugusa penseli. Upande wenye kivuli haukuwa kahawia wala kijivu. Ulikuwa na ubuluu mwembamba sana. Akachagua nyeupe na buluu hiyo, akavuta kutoka bega la jino hadi kwenye mizizi. Safari hii alichapa kwanza nakala, akaibandika ukutani nje, akavuka barabara kuitazama kwa mbali. Alirudi mara mbili kupunguza buluu.

Alasiri bango jipya lilipanda. Daktari alivuka barabara, akasimama kando ya Mwalimu na wifi yake waliokuwa wakilitazama.

"Hilo lina afya," alisema, kisha akageuka, kwa kuwa Mwalimu alikuwa akitabasamu kwa meno yote. "Na yako, Mwalimu, yaliangaliwa lini mara ya mwisho?"

Mwalimu akafunga mdomo. "Sikumbuki."

"Alhamisi, saa nne."

Alhamisi alikwenda, wifi akimsindikiza kwa madai kwamba yeye anakwenda kukagua bango.