Kamkunji ya Kwaya ya Kambi Muru

Mimi siimbi. Naanza na hilo ili mtu asidhani natafuta sifa. Kanisani kwetu Kawangware nilitolewa kwenye kwaya ya watoto kabla sijaota meno ya mbele, na mama yangu, ambaye ananipenda kuliko anavyoipenda saluni yake, alimshukuru mwalimu wa kwaya. Nilichopewa na Mungu ni sauti ya kukemea. Kwa sauti hiyo nilichaguliwa kuwa Spika wa baraza la wanafunzi chuoni kwetu, na hadi Desemba ya 2007 hakuna komredi, kama tunavyoitana wanafunzi, aliyewahi kuniambia nirudie nilichosema.

Kisha kura zikapigwa, nchi ikawaka, chuo kikafungwa. Rafiki yangu Jael Awiti alikuwa amepanga chumba nyuma ya saluni ya mama, pale kituo cha Kawangware 56. Waliomfukuza, kwa sababu ya jina la kabila lake tu, ni watu wale wale waliokuwa wakimpigia hodi kila homa ikiwapanda, maana alikuwa akisomea uuguzi. Akakimbilia kwa mamake Kibera, Kambi Muru, akakuta nyumba ya mamake nayo imekuwa majivu, na wote wawili wakaishia kulala kwenye mabenchi ya kanisa. Nasema haya haraka kwa sababu nikiyasema polepole nakasirika, na hii si hadithi ya hasira.

Februari chuo kikatangaza kwamba masomo yanarudi. Hosteli, hata hivyo, zingefunguliwa kwa wale tu waliokuwa na vitanda humo mwaka uliopita. Jael alikuwa mwaka wa mwisho na hakuwa na kitanda popote. Mamake alikuwa amepata nafasi kwenye basi la kwenda Homa Bay siku ya Jumatatu, na mabegi alikuwa ameshayafunga.

"Wakikupa pahali pa kulala kabla ya Jumatatu, utabaki," alimwambia. "Wasipokupa tunaenda nyumbani, na hiyo digrii itajijua."

Jael hakubishana. Mtu aliyelala kwenye benchi mwezi mzima hana nguvu za kubishana. Mimi ndiye niliyebishana, peke yangu, njia nzima kutoka Kibera hadi Kawangware, na watu wa Dagoretti Corner wakanipisha.

Wiki hiyo nilimchukua Austine Oketch tukaenda kumwona dean wa wanafunzi. Austine alikuwa mwenyekiti wetu, kijana wa Laini Saba anayeweza kuhutubia huku anapiga mswaki. Dean alikuwa Daktari Kitheka, mzee mnene mwenye heshima zake, ambaye hakukosa kutukumbusha kwamba enzi zake naye alikuwa mwenyekiti wa wanafunzi na alionja moshi wa polisi kabla sisi hatujazaliwa. Tulimwomba afungue hosteli kwa kila komredi aliyepoteza nyumba. Alitusikiliza vizuri, akaagiza chai, akasema moyo wake uko nasi.

"Lakini katiba yenu mnaijua," akasema. "Siwezi kupokea ombi la watu wawili. Nileteeni azimio la kamkunji."

Kamkunji ni mkutano wetu wa wanafunzi wote, wa nje, wa jua kali na makelele. Serikali ilikuwa imepiga marufuku mikutano ya hadhara nchi nzima, na Daktari Kitheka alilijua hilo kuliko sisi. Alikuwa ametufungia mlango kwa adabu kabisa. Kisha akatuongezea chai.

Ni lazima nieleze jinsi tunavyopiga kura, kwa sababu ndiyo iliyoleta mambo yote. Kwenye kamkunji hatuinui mikono wala hatuandiki. Spika peke yake ndiye anayelileta swali. Anataja hoja, anainua ngumi, anasema "Makomredi," na anayeunga mkono anainua ngumi yake na kuitikia "Pawa." Ukishaitikia, umefungwa. Hata kama uliitikia kwa mazoea ukiwa unawaza chakula, hakuna kuomba radhi. Kuna mwenyekiti aliyewahi kupigia kura hoja ya kumwondoa yeye mwenyewe, na aliondoka.

Wazo lilitoka kwa Jael. Tulikuwa tumeketi nje ya kanisa, Austine akilaani marufuku kwa Kiswahili cha hotuba, na ndani Mwalimu Shiundu akifundisha kwaya. Ilikuwa kwaya ya kusikitisha. Waimbaji wengi walikuwa wamekimbilia mashambani, na alibaki na soprano watatu na besi mmoja mwenye kikohozi.

"Hao mbona hawafukuzwi?" Jael akauliza.

"Hao wanaimba," Austine akasema.

"Sasa si na sisi tuimbe."

Mimi na Austine tulicheka mpaka Mwalimu Shiundu akatoka kuona kuna nini. Tukamweleza. Nilitarajia atufukuze, lakini alichouliza ni kama tuna waimbaji wa tenor.

Siku mbili baadaye makomredi walianza kuingia kanisani wawili wawili kutoka Kibera yote, na wengine nikawaleta mimi kutoka Kawangware, tukipitia pale reli ilipong'olewa. Mama aliniuliza ninakwenda wapi kila siku. Nikamwambia mazoezi ya kwaya. Akazima draya, akaacha kichwa cha mteja kikining'inia, akanitazama.

"Kathini, wewe? Wameishiwa na watu hivyo?"

Mazoezi yenyewe tuliyahesabu kuwa usomaji wa kwanza wa hoja, kama bungeni. Mwalimu Shiundu alitupa tuni ya taratibu, ya kuzika mtu mzima, na ndani yake tukatia hoja yetu neno kwa neno. Austine alisimama mbele, kitambaa shingoni, akaanza kwa sauti nzuri kupita kiasi:

"Komredi Spika, naomba nafasi, naomba nafasi ya kusema."

Kwaya ikamjibu, "Nafasi, nafasi, umepewa nafasi."

Ikaenda vizuri hadi pale besi mmoja wa mwaka wa pili alipoleta marekebisho. Kwamba pamoja na vitanda, kuwe na chapati kila Ijumaa. Aliyaimba kwa hisia. Soprano wakampinga kwa kupanda juu, besi wenzake wakamuunga mkono kutoka chini, na neno chapati likawa linapita juu na chini kanisani, likizidi kupendeza kila linapopita. Hapo ndipo nilipomwona askari wa chifu amesimama mlangoni, rungu kwapani. Chapati ikakatikia hewani.

"Endeleeni," akasema. "Lakini kwanza niambieni. Huyu Komredi Spika ni nani kwa Biblia?"

Mwalimu Shiundu akaanza kusafisha miwani yake.

"Ni malaika, afande," Austine akasema. "Malaika mdogo. Hajulikani sana."

Askari akafikiri. "Na chapati?"

"Mana ya jangwani, afande. Tumeitafsiri ili watu waelewe."

Jael aliinama chini ya benchi akijifanya amedondosha kitu, na mabega yake yakawa yanatetemeka. Nilikuwa sijamwona akicheka tangu mwaka uanze, na kwa hilo tu nilikuwa tayari kufungwa jela. Askari aliketi. Alikaa mpaka mwisho, akigongesha kiatu sakafuni kufuata wimbo, na marekebisho ya chapati yalipokataliwa alitikisa kichwa kwa masikitiko.

Ijumaa alirudi na ujumbe. Chifu ameandaa maombi ya amani hapo kanisani siku ya Jumapili. Wageni watakuja, hata chuo kikuu kinaleta gari la blanketi kwa waliochomewa nyumba, na dean atakuwepo mwenyewe. Chifu anataka kwaya. "Nimewasifia," askari akasema. "Muimbe ule wa malaika."

Austine alimkumbatia. Aliporudiwa na akili alinigeukia mimi, na macho yake sikuyapenda.

"Spika," akasema, "Jumapili ndio kamkunji yenyewe. Dean akiwa ndani hawezi kusema hakuiona. Swali unaleta wewe."

"Jael ataimba badala yangu."

"Katiba inasema Spika."

"Austine, umewahi kunisikia?"

"Nimekusikia. Manze, ni noma. Lakini katiba ni katiba."

Mwalimu Shiundu alikaa na mimi Jumamosi nzima. Ni mtu mpole sana. Jioni alisema kwamba Mungu hutazama moyo, akaenda kulala mapema.

Jumapili kanisa lilijaa hadi madirishani. Chifu alikuwa mbele, na kando yake Daktari Kitheka katika suti ya kijivu, blanketi moja mapajani kwa ajili ya picha. Katikati ya watu aliketi mamake Jael, na begi la binti yake lilikuwa miguuni pake. Alikuja nalo makusudi, nadhani, ili sote tulione. Nililiona. Nikapanda na kwaya.

Austine aliimba hoja yote vizuri, na akina mama wakapunga leso. Makomredi wenye nyumba zilizoungua wafunguliwe hosteli, leo, bila kuulizwa mwaka jana walilala wapi. Kwaya ikajibu leo, leo, leo. Nilimtazama Daktari Kitheka. Alikuwa anatabasamu na kutikisa kichwa kwa upole, macho nusu yamefumba. Maneno hakuwa akiyasikia hata moja. Alikuwa akisikia kwaya.

Zamu yangu ikafika. Nikaanza juu mno. Nikashuka, nikashuka mno. Mtoto mmoja akaanza kulia. Mwalimu Shiundu alinipa noti kwa kidole, nikaitafuta upande ule na huu, sikuipata, na kwaya nyuma yangu ikapotea pamoja nami mmoja mmoja hadi wa mwisho. Chifu alikohoa. Mamake Jael alishika mkanda wa begi.

Ule mkono kwenye mkanda ndio ulionikasirisha. Nilikasirikia mkono, nikakasirikia begi, basi, Jumatatu, tuni ya mazishi, na yule mzee mwenye blanketi aliyetupa chai. Nikaacha kuimba. Niliinua ngumi na kuitumia ile sauti niliyopewa na Mungu, yote, bila kubakiza.

"Makomredi."

"Pawa," kanisa likajibu, na madirisha yakajibu, na watu ambao hawajawahi kuona lango la chuo wakajibu. Lakini kuna Pawa moja iliyotoka mbele yangu kabisa, nzito, ya zamani, iliyowatangulia wengine wote. Daktari Kitheka alikuwa amesimama wima. Blanketi lilikuwa sakafuni. Ngumi yake ilikuwa juu kuliko ya mtu yeyote, na uso wake ulikuwa wa kijana wa miaka ishirini aliyeamka ghafla katikati ya mambo yake.

Dean akaitazama ngumi yake. Akaitazama kama kofia ya mtu mwingine aliyoikuta kichwani pake.

"Komredi Spika," Austine akaimba polepole sana, "naomba iingie kwenye kumbukumbu, ya kwamba dean ameunga mkono."

Na ile kwaya, iliyokuwa imepotea kabisa, ikaipata noti yake yote kwa pamoja. "Imepita, imepita, hoja imepita."

Askari wa chifu alipiga makofi. Chifu, ambaye hakuwa ameelewa kitu, akapiga pia kwa sababu askari alipiga. Nilimsubiri Daktari Kitheka aseme ni mkutano haramu, na kwa sekunde chache nadhani alitaka kusema hivyo, kwa maana alifungua mdomo. Kisha tumbo lake likaanza kutikisika. Alicheka mpaka akaketi, akatoa leso, akafuta macho na shingo.

"Miaka thelathini," akamwambia chifu. "Miaka thelathini na bado mkono unaenda wenyewe." Akanigeukia. "Kanuni ni kanuni, Spika. Kesho asubuhi waje wachukue funguo."

"Kesho kuna basi," sauti ikasema.

Alikuwa mamake Jael. Alikuwa ameshasimama, begi begani. Alipita katikati ya watu bila haraka, akatoka mlangoni hadi kwenye gari la chuo lililokuwa limeleta blanketi, akafungua nyuma, akaliweka begi ndani. Kisha akarudi mlangoni ili dean amwone vizuri.

"Gari liko hapa na liko tupu," akasema. "Mtoto anaenda leo. Mmeimba 'leo'."

Daktari Kitheka alitutazama sisi, akamtazama yeye, akaona ni afadhali kutubeba sisi kuliko kubishana na yeye. Akamwita dereva.

Hivyo ndivyo makomredi waliojaa lile gari walivyoondoka Kambi Muru, wamekaliana mapajani, wakiimba juu ya chapati ambayo tulikuwa tumeikataa kwa kura halali. Mimi nilibaki chini, kwa sababu nilikuwa na kitanda Kawangware na mama wa kwenda kumsimulia. Nilikuwa na furaha ya kijinga, nilitaka kumkumbatia askari, nilitaka kumkumbatia hata chifu. Jael alikuwa dirishani. Gari lilipoanza kusogea alitoa mkono nje, akakunja ngumi.

"Makomredi," akasema, si kwa nguvu, ananitazama mimi.

Nilifungua mdomo nijibu. Sauti ile ya kukemea, ambayo haijawahi kuniangusha mbele ya mtu, haikutoka hata kidogo, na machozi yakanitoka badala yake. Nikasimama hapo na ngumi hewani, mdomo wazi, bubu.

Mamake Jael, aliyekuwa kando yangu, mikono mitupu sasa, alinitazama, akalitazama gari, akainua ngumi yake ndogo.

"Pawa," akajibu kwa niaba yangu.